Nguzo Mbili Chini ya Kwaya

Tunduma, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Ruti,

Bwana asifiwe. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hatuwezani: wewe unapandisha sauti kama uko mbele ya kwaya, mimi nakata. Barua haikatwi. Lwitiko wa Hiace ataifikisha Vwawa, na kutoka hapo bodaboda wote wa Isansa wanakujua.

Wifi yako Nesta hajambo, anakusalimu na anakushtakia. Anasema mume wake mhandisi, mtu wa miaka hamsini na nne, ameanza chekechea upya. Ni kweli. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana nakaa kwenye meza ya jikoni na kompyuta, miwani puani, najifundisha mwenyewe kitu kinachoitwa uchambuzi wa elementi. Usikunje uso, si kigumu hivyo. Unachukua daraja, au ghala, au bimu moja tu ya chuma, unaikata ndani ya kompyuta vipande vidogo vidogo. Tabia ya kipande kimoja ni rahisi kuijua. Kisha kompyuta inavishona vyote upya na kukuonyesha chuma kitapinda wapi, kitaumia wapi na kitatikisika vipi.

Utauliza nahangaika nini uzeeni. Vijana wananiletea michoro ya maghala yenye rangi nyekundu na bluu, wananiambia, "Mzee, kompyuta imekubali, weka saini." Mimi nimejenga kwa kalamu na kichwa tangu hao hawajazaliwa. Siweki saini kwenye kitu nisichokielewa, basi nimeamua nikielewe.

Somo la kwanza lilinitoa jasho. Nilichanganya mita na milimita, bimu ya chuma ikalegea kama uji, na Nesta alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini nina dawa moja ambayo vijana hawana: naanza na vitu ambavyo majibu yake nayajua tayari. Ndiyo maana juma hili nimeichukua roshani ya kwaya ya kanisa lenu, niliyoichora mwenyewe na kuisimamia. Unaikumbuka bimu ile ndefu ya mbele, kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo hata moja, kama ulivyong'ang'ania wewe ili waumini wa nyuma waone mimbari. Uzito inabeba, sawasawa na hesabu yangu ya zamani. Nikaenda mbele zaidi, nikauliza inatikisika kwa kasi gani. Jibu likaja: kasi ambayo hakuna miguu ya binadamu inayoweza kuifuata.

Kwa hiyo waambie wazee wa kanisa wasiwe na hofu na tamasha la tarehe 29 Juni. Kwaya zote zipande, ziimbe, zicheze. Nimeithibitisha roshani kwa njia ya zamani na kwa njia ya kisasa.

Kaka yako,
Boazi Haonga


Isansa, 11 Mei 2025

Kaka Boazi,

Shikamoo. Barua imefika, bodaboda kaileta mpaka kwenye mtama. Nimecheka peke yangu shambani. Mwambie wifi Nesta asikuonee. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, hata kama kiuno kinauma.

Leo wakati wa matangazo nimeisoma barua yako kanisani, ile sehemu ya mwisho. "Kwa njia ya zamani na kwa njia ya kisasa!" Watu wamepiga makofi. Mzee Yonasi, unamjua mwenyekiti wetu wa kamati ya ujenzi asivyosifia mtu, amesimama akasema mtoto wa Haonga ametuheshimisha. Kwaya ya Vwawa imethibitisha kuja, ya Itumba imethibitisha, na wale wa ng'ambo ya mpaka, wa Nakonde, wameshashona sare.

Miaka minne tumeijenga roshani hii, kaka. Kwaya yangu imechuma kahawa kwenye mashamba ya watu ili tununue mbao za sakafu. Siku hiyo nitakapoinua mkono kule juu, sitataka kitu kingine duniani.

Mazoezi yanaendelea vizuri, vizuri kuliko nilivyotegemea. Hayo nitakueleza siku nyingine.

Mdogo wako,
Ruti


Tunduma, 25 Mei 2025

Ruti,

Mtu yeyote asipande roshani. Nimeanza na hilo ili hata Lwitiko akiimwagia soda karatasi hii, mstari wa kwanza usomeke.

Leo nilipokupigia ulisikia neno "msipande" tu ukakata, safari hii wewe. Basi nimempigia mchungaji, achukue ufunguo wa mlango wa ngazi akae nao. Sasa nakueleza kwa utulivu.

Nimekosea. Ukiikata bimu vipande kwenye kompyuta, lazima uiambie pia ncha zake zimeshikwaje. Mimi niliiambia zimeshikwa kana kwamba zimemezwa na mwamba, nayo ikaniamini. Kompyuta haina ubishi kama wako. Jana nilikuwa kwenye somo jipya kuhusu jambo hilo hilo, nikasimamisha video nikajiuliza: ncha zile nilizifungaje? Nilizifunga kwa mkono wangu: bamba, na bolti mbili juu ya matofali. Zinaizuia bimu isidondoke. Haziizuii kuyumba.

La pili linaniuma zaidi. Mtikisiko niliupima roshani ikiwa tupu! Nimejenga mahali pa kwaya, halafu nikasahau kuiweka kwaya. Watu wakiwa juu, uzito wao unaifanya sakafu itikisike polepole zaidi. Nikarekebisha makosa yote mawili, na ile kasi ikashuka mpaka kwenye mwendo wa watu wanaocheza pamoja.

Nielewe vizuri. Roshani haitaanguka kwa uzito. Lakini watu wakikanyaga wote kwa mwendo ule ambao chuma chenyewe kinautaka, kila hatua inaongeza juu ya iliyopita, inaongeza, inaongeza, na bolti zile zitajing'oa kwenye matofali. Na chini yake wanakaa akina mama wenye watoto migongoni. Nilipoliona jibu hilo niliogopa.

Najua barua yangu uliisoma mbele ya watu. Nisamehe. Waambie mhandisi amejisahihisha mwenyewe kabla chuma hakijamsahihisha.

Boazi


Isansa, 28 Mei 2025

Kaka Boazi,

Shikamoo. Hiyo naitoa kwa sababu mama alinilea vizuri.

Kwa hiyo umempigia mchungaji. Mimi ni katibu wa kamati na mwalimu wa kwaya, nimenyang'anywa ufunguo mbele ya wanakwaya wangu kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Recho wa sauti ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, kuna nini?" Nikamwambia kuna kaka yangu.

Nikuulize, nimwamini Boazi yupi? Wa tarehe nne, aliyesema salama kwa njia zote mbili? Au wa tarehe ishirini na tano, aliyeogopa picha ya kompyuta? Mzee Yonasi anasema fundi akijifunza jina la ugonjwa mpya, anauona kwa kila mgonjwa. Na mimi namwunga mkono. Umejenga maisha yako yote kwa kalamu, hakuna kilichoanguka. Sasa umetazama video za mtandaoni miezi michache, mwalimu huna, mtihani hujafanya, na tayari unatufungia kanisa.

Tarehe 29 wageni watakuja. Wakikuta roshani imefungwa kwa kufuli, kicheko kitasikika mpaka Itumba. Watasema watu wa Isansa wamejenga kabati. Usiniletee tena kompyuta. Nipe sababu nyingine, au mwambie mchungaji arudishe ufunguo.

Ruti


Tunduma, 31 Mei 2025

Mdogo wangu,

Una haki. Mwalimu sina na mtihani sijafanya. Ndiyo maana nataka shahidi ambaye si kompyuta wala si mimi, na shahidi huyo ni wewe.

Nina swali moja. Mmeshacheza kule juu? Usinijibu kama katibu wa kamati, nijibu kama Ruti. Ufunguo ulikaa kwako wiki nyingi, na wewe si mtu wa kukaa na ufunguo bila kuutumia. Kama mlipanda, niambie sakafu ilikuwaje, na kwa nyimbo zipi. Sikugombezi. Lakini nikwambie mapema nisichotaka: usinipe jibu la kunifurahisha.

Boazi


Isansa, 3 Juni 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi acha niyatoe mwenyewe.

Tulipanda. Jumamosi kadhaa, kimya kimya, kabla kamati haijaruhusu. Nilikuficha kwa sababu nilijua utataka kuja na futi yako na sura yako ya msiba.

Tuliimba nyimbo zote za tamasha. Ule wa maombolezo, wa polepole, hakuna kitu. Ule wa watoto, wa haraka mpaka pumzi inakata, hakuna kitu. Lakini wimbo wetu wa mavuno! Kuanzia ubeti wa pili sakafu ilianza kutupokea. Unakanyaga, inashuka kidogo, inakurudisha juu, na inakurudisha sawasawa na ngoma. Sijawahi kucheza hivyo. Huchoki. Bibi Rozi, na magoti yake yale, alicheza kama msichana, akalia, akasema ni Roho ameshuka kwenye mbao. Tuliposhuka watu walikuwa wakikumbatiana kwenye ngazi. Tuliurudia wimbo huo kila mara kwa ajili ya jambo hilo tu.

Kaka, mimi ndiye nilikuwa nikiwapa mwendo. Nilipohisi sakafu inaitikia, niliwaambia, "Kanyageni!" Niliwaongezea nguvu. Tangu nisome swali lako sijala vizuri. Niambie tulikuwa karibu kiasi gani. Au usiniambie.

Ruti


Tunduma, 6 Juni 2025

Ruti wangu,

Sikuambii, kwa sababu sijui, na nikisema najua nitakuwa nadanganya. Mlikuwa kwaya moja tu, na roshani haikuwa imejaa. Tarehe 29 zingekuwa kwaya nne.

Barua yako imeniogopesha na imenifurahisha kwa pamoja. Nesta ameniona nimesimama jikoni nashindwa nikae au nitembee. Wimbo mmoja tu! Si wa polepole, si wa haraka, ule mmoja. Hivyo ndivyo vipande vyangu vilivyosema baada ya kuzirekebisha ncha. Kompyuta inasema, hesabu ya mkono niliyoirudia inasema, na miguu ya kwaya nzima inasema. Sasa ninajua ninachokijua, na hata Mzee Yonasi akileta wazee wa wilaya nzima sitarudi nyuma.

Unaweza kuniambia basi, tutauimba polepole kidogo. Hapana. Sijengi jengo linalomtegemea mwalimu wa kwaya asisahau mwendo siku ya furaha. Watu wa Nakonde wana mwendo wao, nao hawajaisoma barua hii.

Dawa ni nguzo mbili za chuma chini ya bimu. Najua hukutaka nguzo. Sitaweka katikati, katikati hupita maharusi na majeneza, pataachwa wazi. Moja kushoto, moja kulia. Waumini wachache wa nyuma watahama kiti kidogo ili waone mimbari. Naanza kuzichomelea Jumatatu kwenye karakana yangu. Ninachohitaji kwako ni ruhusa ya kamati ya kufukua sakafu ya kanisa nipate msingi. Hilo siwezi kulifanya nikiwa Tunduma. Kamati wanakusikia wewe.

Boazi


Isansa, 12 Juni 2025

Kaka Boazi,

Shikamoo. Kamati imekubali. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana utacheka.

Nilianza kwa kusema ukweli kwamba tulipanda bila ruhusa. Kelele. Halafu nikasema sakafu ilitikisika. Kelele zaidi, na Bibi Rozi akasimama kusema haikutikisika, ilibarikiwa. Mzee Yonasi akanyamazisha watu, akauliza swali ambalo nakiri lilikuwa zuri: "Mtu akikanyaga hawezi kuitikisa bimu ile. Watu arobaini ni watu arobaini, uzito mhandisi alishaupima. Huo wa ziada unatoka wapi?"

Sikuwa na kompyuta wala vipande vyako. Nikawaomba tutoke nje, twende kwenye bembea za chekechea. Nikamwomba Mzee Yonasi akae. Alikataa, akacheka, akakataa, akakaa. Unaujua mwili wake. Kwanza nikamsukuma kwa mikono yote miwili ovyo ovyo, bembea ikayumbayumba pale pale. Kisha nikaiacha itulie, nikaanza kumsukuma kwa kidole kimoja, ila kila mara anaporudi, kwa mwendo wake mwenyewe. Kidole kimoja, kaka! Akaenda juu mpaka kofia ikaanguka na akawa anasema, "Basi, mwalimu. Basi. Ruti, basi!"

Aliposhuka alipangusa suruali. Akasema, "Fukueni sakafu." Bibi Rozi alikuja kunishika mkono.

Leta nguzo zako. Na samahani kwa barua ya tarehe 28.

Mdogo wako,
Ruti


Tunduma, 20 Juni 2025

Mwalimu Ruti,

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimemwonea wivu mtu kwa kufundisha somo langu. Bembea! Nimewaeleza vijana wa karakana, na sasa kila anayeniletea picha za rangi namuuliza kwanza ncha zake zimeshikwaje, pili watu wako wapi. Wengine wanaondoka na mchoro wao. Mmoja amerudi kesho yake na jibu, huyo nitamfundisha.

Nguzo ziko tayari, nitakuja nazo Jumanne na lori la karakana, na simenti ya msingi ya kukauka haraka. Safari hii nimehesabu kwa mkono kwanza, kisha kwa kompyuta kwaya ikiwa juu imejaa, halafu nikakaa kutafuta nilipokosea. Nimetafuta kwa nia mbaya, kama mtu anayemchukia Boazi. Sijapaona. Kwa nguzo hizi, mwendo ambao sakafu itautaka hakuna wimbo utakaoufikia, hata ule wa watoto.

Nasema salama. Najua nililisema neno hili mwezi Mei. Mei nilikuwa nasoma jibu. Sasa nimelifanyia kazi. Siku ya tamasha nitasimama chini ya roshani, katikati ya nguzo, wimbo wa mavuno ukiimbwa kwa mwendo wake. Usiupunguze kwa ajili yangu.

Boazi


Isansa, 30 Juni 2025

Kaka yangu Boazi,

Shikamoo. Jana lori lilikuchukua kabla hujamaliza wali, hatukupata hata dakika ya kukaa. Na wewe ulikuwa chini, ya juu hukuyaona.

Sisi tulikuona. Umekunja mikono kifuani, macho darini. Mtu wa Nakonde alimuuliza Recho huyo mzee mbona anasali akiwa amefumbua macho.

Nataka ujue jambo ambalo sikumwambia mtu. Tuliimba wa maombolezo, tukaimba na wageni zile za pamoja, nilikuwa mzima kabisa. Ukafika wa mavuno. Roshani imejaa, kwaya nne, bega kwa bega, Bibi Rozi mstari wa mbele. Nikainua mkono, na hapo hapo yale yote niliyowaambia kamati yalinitoka kichwani. Nilibaki na neno moja tu: alishakosea mara moja. Nikatazama chini nikaona utosi wako, na pembeni yako mama yetu, na wanawake wenye watoto. Kaka, ningeweza kuupunguza ule mwendo. Kidogo tu. Hakuna ambaye angejua, hata wewe.

Sikuupunguza. Niliwapa ule ule.

Wakakanyaga. Ubeti wa kwanza, nikasubiri. Ubeti wa pili, pale ilipokuwa inaanza kutupokea, Recho akanitazama, naye alikuwa anasubiri. Haikuja. Bibi Rozi alinuna waziwazi, na baadaye aliniambia umeiua sakafu yake, ujiandae kuongea naye. Lakini aliimba, wote waliimba, na walipochoka walichoka kweli, jasho linawatiririka, kwa sababu safari hii hakuna kilichokuwa kinawarudisha juu isipokuwa wao wenyewe.

Wimbo ulipokwisha watu walipiga vigelegele mpaka nje. Mimi nikaona kitu kinatetemeka. Nikashika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Nikatafuta pa kutazama, nikaiona chupa ya maji ya Recho, imesimama sakafuni mbele ya miguu yake, imejaa nusu. Maji yalikuwa yametulia kabisa.

Ilikuwa miguu yangu, kaka.

Mdogo wako,
Ruti